Kipande cha Kaka Yangu

Kipande cha kaka yangu hakikufika ukubwa wa punje ya karanga. Kilikuwa kimezamishwa ndani ya nta nyeupe, na nta yenyewe imeshikamana na kijisanduku chembamba cha plastiki chenye matundu kama kichujio cha chai. Mhudumu wa maabara, katika hospitali moja ya Dar es Salaam, alikitia ndani ya bahasha ya kaki, akanitilisha saini kwenye daftari, akanipa maagizo mawili: kisipate joto, na kisipotee. Nilirudi nacho Unguja kwa boti ya mchana, kimo ndani ya mkoba mapajani pangu pamoja na chupa ya maji ya baridi. Njia nzima sikuhofia kitu kingine isipokuwa jua.

Nimefanya kazi ya habari redioni karibu umri wangu wote wa kazi, na nimestaafu nikiwa na tabia moja: naandika. Naandika saa, nani alikuwepo, nani kasema nini. Haya ninayoyaeleza nimeyatoa katika daftari. Kumbukumbu yangu siiamini sana, maana hupenda kunipa haki hata mahali ambapo sikuwa nayo.

Kaka yangu ana miaka sitini na minane. Alikuwa karani bandarini mpaka alipostaafu. Mkewe alifariki zamani, watoto wake wamekwenda kuishi mbali, na tangu hapo anakaa Jang'ombe na mama yetu, katika nyumba ya vyumba vitatu yenye ua mdogo nyuma. Mama ana themanini na sita. Mimi, mdogo wake kaka, nakaa peke yangu Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, na kila siku ya pili nakwenda kuwatazama.

Furaha ya kaka ilikuwa mpira. Hakuwahi kuucheza vizuri, kwa hivyo alishika kibendera. Alianza ujanani, na hata uzeeni, vijana wa mitaa wakiandaa mashindano yao katika kiwanja cha vumbi kule Amani, humwita yeye awe mshika kibendera, kwa sababu hadai chochote ila soda. Siku moja alirudi akanisimulia, huku akicheka, jinsi watu walivyomtia adabu. Mpira ulitoka nje mara tatu, mita chache kutoka alipo, upande wake wa kushoto, naye hakunyanyua kibendera.

"Walinipigia kelele mpaka basi," alisema. "'Mzee, mpira uko huku! Huko unamtazama nani, mchumba?' Mwengine ananiambia, 'Kibendera hicho, au kipepeo cha mkaa?'"

"Kwani hukuuona?"

"Wallahi sikuuona. Lakini shabiki humwambii hivyo. Ukimwambia hukuuona, si ndiyo umekubali wewe kipofu?"

Miaka yote hiyo amekuwa akiitwa kipofu na mashabiki wa timu zilizofungwa. Ndiyo maana siku ilipokuwa kweli, hakuna aliyeshtuka, yeye wala mimi. Aliyeshtuka alikuwa Mama, na alishtushwa na sahani. Aliona kaka anakula wali wa upande mmoja tu, anauacha wa kushoto umesimama kama ukuta, kisha anaondoka akilalamika kuwa siku hizi anapakuliwa kidogo.

"Wali wa huku umekukosea nini?" alimuuliza.

"Wali upi?"

Mama akaizungusha sahani kwa kidole. Kaka akatazama, akafurahi. "Aa, umeniongeza," akasema, akala wote.

Mama aliizungusha sahani siku ya pili na ya tatu. Siku ya nne alinipigia simu. "Kaka yako hala nusu kwa shibe," alisema. "Ile nusu haioni. Mtafutie daktari, na usimwambie kama nimesema mimi."

Picha ya kichwa ilionyesha uvimbe upande wa kulia wa ubongo, upande ambao ndio unaotutazamia kushoto. Tulivuka kwenda Dar es Salaam. Walimfungua, wakatoa walichoweza kukitoa bila ya kumharibu, wakamfunga. Alizinduka akiwa na mshono kama zipu juu ya sikio, na swali lake la kwanza lilikuwa kama Mama ameshaambiwa kuwa yuko hai.

Daktari wetu alikuwa mwanamke, mdogo kuliko sote wawili. Alimwamkia kaka shikamoo kila alipoingia chumbani, hata akiingia mara tatu kwa siku, na hakuficha kitu. Alisema ni uvimbe unaoota kutokana na seli za ubongo wenyewe, na ni katika ile mikali kabisa.

"Hatutaumaliza," alisema. "Tunautafutia breki."

Breki zilikuwa mbili. Ya kwanza ni mionzi: wiki tatu palepale Dar, kila siku isipokuwa mwisho wa wiki. Ya pili ni vidonge, siku tano katika kila mwezi, na mtu anavimeza nyumbani kwake. Kijana mwenye nguvu zake angepewa vyote pamoja. Kwa umri wa kaka, na namna alivyodhoofika baada ya kufunguliwa kichwa, daktari alitaka kuanza na kimoja.

"Kipi bora?" niliuliza.

"Inategemea uvimbe ni wa namna gani."

"Si mmeshautaja jina?"

"Jina ni moja, lakini ndani ya jina hilo wamo wengi. Kwa darubini wanafanana. Ukiingia ndani ya seli, kila mmoja ana mambo yake."

Akatueleza kwa kutumia karatasi ya dawa, mgongo wake. Alichora uzi mrefu uliojisokota, akasema huo ndio wenye maagizo yote ya seli. Vidonge kazi yake ni kuukatakata uzi huo, ili seli ya uvimbe ife. Lakini seli ina fundi wake wa kuunga. Kuna uvimbe ambao jeni ya yule fundi imefungwa, kama duka lililoteremshwa mlango. Hapo dawa inakata na hakuna wa kuunga. Na kuna uvimbe ambao fundi yuko kazini. Dawa inakata, yeye anaunga, na mgonjwa hapati faida ila kichefuchefu.

Kipimo cha kumtambua fundi hakikuwa kikifanyika pale. Kipande kilitakiwa kipelekwe India, na jibu lirudi ndani ya wiki mbili au tatu ili matibabu yaanze kwa wakati.

"Hivyo vidonge," kaka aliuliza, "nikivimeza nnalala kwangu?"

"Unalala kwako."

"Basi nnataka vidonge."

"Si suala la kutaka, mzee wangu. Tusubiri kipande kiseme."

Tulipobaki wawili alinigeuzia kichwa kizima, kwa sababu nilikuwa nimekaa kushotoni kwake. "Nikikaa huku wiki tatu," alisema, "Mama atakufa kwa kunisubiri. Au nitakufa mimi na yeye hayupo. Yote mawili siyataki. Nakuomba unitafutie jibu la vidonge." Kana kwamba jibu linatafutwa kama nafasi kwenye boti.

Hivyo ndivyo kile kijisanduku kilivyokuja mapajani mwangu, kaka mwenyewe akiwa ameshatangulia kurudi Jang'ombe. Jirani yangu wa Mji Mkongwe alikuwa anampeleka mkewe India kutibiwa macho, safari yao Alkhamisi, na alikubali kuichukua bahasha. Siku ya kufika ilikuwa Jumapili. Friji langu lilikuwa limekufa wiki ile, kwa hivyo nilikwenda moja kwa moja Jang'ombe, nikakitia kijisanduku ndani ya kibati kitupu cha biskuti, nikakiweka rafu ya juu ya friji la Mama.

"Nini hicho?" Mama aliuliza.

"Kipande cha ubongo wa kaka. Walichokitoa."

"Cha ubongo wake?"

"Ndiyo, Mama."

"Cha hapa?" Aligusa juu ya sikio lake mwenyewe.

"Naam, hapo."

Akakifunga kibati taratibu, akaurudisha mlango wa friji kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimechoka na bahari, nikaaga. Katika daftari la siku hiyo nimeandika: saa kumi na moja kasoro robo, Mama ameelezwa. Lakini nilimweleza ni nini, na cha nani, na kimetoka wapi. Kwa nini kipo, sikumweleza. Mhariri wangu wa zamani angenirudishia habari ile usoni.

Kwetu, kilichotoka mwilini mwa mtu hakitupwi wala hakiwekwi kabatini. Kucha hufukiwa. Nywele za mtoto mchanga akinyolewa hufukiwa. Zalio, lile kondo la nyuma, hufukiwa uani, na mtu akikatwa mguu hospitali, jamaa zake hwenda kuudai wakauzike. Nimeyajua haya tangu sijaanza skuli. Yalinipita kwa sababu ya ile nta na ile plastiki, na ile namba iliyoandikwa ubavuni. Machoni mwangu kile kilikuwa kifaa cha hospitali. Machoni mwa Mama kilikuwa mwanawe, amewekwa baina ya jagi la maji na mtindi.

Jumatano asubuhi nilikwenda kukichukua. Kibati kilikuwa palepale rafu ya juu, kimeoshwa, kimefutwa, na ndani mna visheti.

"Mama, kilichokuwemo humu kiko wapi?"

"Kipi?"

"Kile cha kaka."

"Ah. Nshakizika." Alisema hivyo kama mtu anayekwambia nguo zimeshaanuliwa. "Nilikwenda nacho Fumba juzi. Nimekilaza na zalio lake."

Nilikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, maana ndicho kiti kilichokuwa karibu. Aliendelea kunieleza kwa utulivu, akijua amefanya kazi nzuri. Alikizungushia pamba, akakivisha kitambaa cheupe cha bafta, akakirashia marashi ya waridi. Alimwita yule dereva wa bajaji anayempeleka kliniki, wakaenda hadi Fumba, katika ua wa nyumba waliyokaa wazee wake, ndipo alipomzaa kaka. Dereva alichimba, yeye akasoma alichosoma. Kisha wakarudi, na njiani wakanunua ndimu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe uliniambia nikifanye nini?"

"Mama, kile kesho kilikuwa kinakwenda India."

"India? Ana nani India?"

Nikamweleza basi, kwa kuchelewa kwa siku tatu: uzi, vidonge, duka lililofungwa, fundi aliyelala na fundi aliye macho. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyosikiliza mimi kwa daktari.

"Kwa hivyo tunataka fundi awe amelala," alisema.

"Tunataka awe amelala, ili kaka anywe dawa zake hapa nyumbani. Akiwa macho, vidonge havitafaa kitu, itabidi akapigwe mionzi Dar. Na anayejua kama amelala ni kile kipande peke yake. Bila ya hicho, ama wamfungue kichwa tena, ama tubahatishe."

Kuku wa jirani alipita uani, akatoka.

"Kaburi halifukuliwi," Mama alisema.

"Lile si kaburi, Mama."

"Nimezika mimi, nimesoma mimi, wewe ndiye wa kunambia si kaburi?"

Hapo kaka alitoka msalani na kikoi chake, anapapasa ukuta kwa mkono wa kulia. "Nani kafa?" aliuliza.

Nikamwambia. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kizingitini.

"Mama! Umenizika nusu, hata kuniaga?"

"Nyamaza wewe."

"Na khitma umenisomea, au mpaka nusu ya pili?"

"Nyamaza, nakwambia, utaupasua mshono."

Alipomaliza kucheka, alinyoosha mkono, akaushika wa Mama. "Mama," alisema, "mwenye nyama ni mimi, na sijafa. Bado nnaitumia. Nakuomba unirejeshee."

Mama aliutazama mkono ule kwa muda. Kisha akanigeukia mimi, sauti yake imebadilika. "Wakimaliza kukiuliza, kitarudi kulala?"

"Kitarudi," nilisema. Hilo sikuwa nimelithibitisha na mtu yeyote.

Dereva wa bajaji alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, na alipoambiwa safari ya nini, alijishika kiuno. "Bi Mkubwa, juzi umenichimbisha, leo unanifukulisha. Kesho utanambia nini, nipande mhogo?"

"Kesho nitakwambia unyamaze," Mama alisema. "Leo endesha."

Tulikwenda wanne. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha, na barabara ya Fumba ilikuwa na madimbwi kwenye kingo. Ule ua wa babu haukuwa na mtu. Nyumba imebaki kuta, na juu ya kuta unaona maghorofa mapya yamesimama, nguo zimeanikwa kwenye vibaraza vyake. Mama alikuwa ameweka tofali juu ya pale alipozika. Dereva akavua viatu, akashika jembe.

"Taratibu!" Mama alimkemea. "Kichwa hicho!"

"Nnajua, Bi Mkubwa. Nilikiweka mimi."

Aliliacha jembe, akaendelea kwa mikono. Kaka alikuwa amechuchumaa upande wa kulia wa shimo, ameinama kabisa, kama anayetafuta kitu chake kilichodondoka. Bafta ilitoka na rangi ya udongo chini, juu bado nyeupe. Ndani, pamba ilikuwa na unyevu na ilinukia waridi. Nilifungua kwa ncha za vidole. Nta ilikuwa nzima. Namba ubavuni ilisomeka yote, na hapo ndipo nilipotambua imeandikwa kwa penseli, si kwa kalamu ya wino. Baadaye nilimuuliza yule mhudumu wa maabara kwa nini, akanambia wino huondoka kwenye dawa zao, penseli haiondoki.

Nilimpigia simu daktari nikiwa palepale, nimesimama baina ya shimo na ukuta.

"Kimezikwa?" alisema.

"Kimezikwa."

"Siku ngapi?"

"Mbili."

"Kimeyeyuka mahali?"

"Hapana. Kina mchanga kidogo."

"Kifute kwa kitambaa kikavu. Kisafiri. Nta imekihifadhi." Kisha, kabla hajakata, "Mwambie mama hajaharibu kitu."

Nilimwambia. Mama alikichukua kijisanduku, akakifuta mwenyewe kwa ncha ya kanga, pembe kwa pembe, huku akikisemesha. Nilikuwa karibu na nilisikia alichokiambia. Sikukiandika.

Kipande kikaenda India, na sisi tukasubiri. Kila baada ya sala Mama alimwomba Mola amlaze yule fundi. Jirani aliyemsikia alikuja kumuuliza ni fundi yupi aliyemkosea, wa nguo au wa nyumba, na Mama akamjibu ni wa kichwa, jirani akaondoka kimya. Kaka alianza kujipanga kwa maisha ya vidonge. Aliniomba nimnunulie kalenda kubwa yenye tarakimu nene, akaitundika upande wa kulia wa kitanda, apate kuweka alama siku zake tano tano. Nilijua ni kosa kumruhusu, lakini nilimshikia misumari.

Jibu lilikuja siku ya kumi na saba. Nilikuwa sokoni Darajani, mbele ya mafungu ya mchicha, simu ikalia, na daktari aliniuliza kwanza kama nina pa kukaa. Nilimwambia aseme tu.

"Fundi yuko macho," alisema.

Nilimuuliza kama ana uhakika. Alisema uhakika wa kipimo anao, uhakika wa uvimbe hana, na hakuna mwenye nao. Uvimbe kama huu, alisema, ndani yake ni mtaa mzima. Wapo watakaokufa kwa dawa, wapo watakaojificha, na wapo watakaojifunza. Ila akimpa vidonge peke yake, kwa mtu wa umri huu na fundi wa namna hii, angekuwa anamdanganya. "Angekuwa baba yangu," alisema, "ningemwita kwenye mionzi wiki ijayo." Nikamuuliza, kwa aibu, kuhusu kipande. Maabara ya kule ingekibakisha. Utaratibu wao ni kuweka, pengine siku moja kitatakiwa kuulizwa jambo jengine.

Jang'ombe niliwakuta uani, Mama anachagua mchele kwenye ungo, kaka amekaa kando yake na redio. Mama aliniona uso.

"Amelala?" aliuliza.

"Yuko macho, Mama."

Aliendelea kuchagua. Alitoa chuya moja, akaitupa, akatoa nyengine. Kaka aliizima redio.

"Basi ni Dar," kaka alisema, kwa sauti ya mtu aliyeitiwa namba yake benki. "Wiki tatu si nyingi. Wewe utakaa na Mama, mimi nitakwenda na—"

"Tunaondoka lini?" Mama aliuliza.

"Wewe huendi."

"Nimeuliza lini, sikuuliza nani."

"Mama, boti itakutapisha."

"Nitatapika. Watu hawatapiki?"

Mara ya mwisho Mama kuvuka bahari ile alikuwa anampeleka baba kutibiwa, na alirudi na maiti. Hakuwahi kuvuka tena, kwa harusi wala kwa msiba, na sisi tuliacha kumwalika. Kaka alijua hivyo, na mimi nilijua. Kisha kaka akasema polepole, "Huko mbali, Mama. Unakumbuka."

"Nnakumbuka." Aliutikisa ungo. "Ndiyo maana siwezi kukaa hapa nikakumbuka peke yangu."

Nikaona bora nimalize habari zote siku hiyo hiyo. Nilimwambia kuhusu kipande, kwamba hawatakirudisha, na kwamba nilipomwahidi nilisema nisilolijua. Nilitegemea anikaripie. Aliuweka ungo chini.

"Wamemuweka wapi?"

"Kabatini, na vya wenzake. Kila kimoja na namba yake. Penye baridi."

Alifikiri. "Basi," alisema. "Almuradi hawakumtupa."

Tulipanga chumba kwa mwanamke mmoja anayepokea wagonjwa karibu na hospitali. Kwenye boti Mama alitapika mara mbili, kaka mara moja, na walibishana nani kaanza. Mionzi ilikwisha. Huu ni mwezi wa tano tangu turudi, na picha ya mwisho imeonyesha uvimbe umetulia. Daktari amesema umetulia, hakusema umeondoka, na amesema utakaporudi utarudi ukiwa umejifunza. Kaka ameelewa. Ameacha kushika kibendera, na jioni hukaa barazani na wenzake kuwakosoa wanaoshika.

Lakini ukurasa ninaourudia zaidi katika daftari ni wa Jumatano ya wiki ya pili kule Dar. Ni asubuhi, saa tatu na dakika kumi. Tuko katika ukumbi wa kungojea, benchi ya mbao, watu kama ishirini. Kaka ametoka kwenye mashine, na usoni ana alama za vyumba vyumba kama wavu, alama za ile barakoa ya plastiki wanayomfungia ili kichwa kisicheze. Amekaa katikati yetu, mimi kulia, Mama kushoto. Mama amechagua upande ule tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndio upande ambao kaka hugongwa na watu na milango.

Kaka anazungusha macho. Ananitazama mimi, anatazama mlango, anatazama watu waliosimama dirishani.

"Mama yuko wapi?" ananiuliza, na sauti yake imepanda. "Umemwacha wapi Mama?"

Kabla sijajibu, Mama anautia mkono wake ndani ya mkono wa kushoto wa kaka, anamfinya.

"Mbona unapiga kelele mbele za watu?" anamwambia. "Niko hapa."

Kaka hageuzi kichwa. Anatazama mbele, ameridhika, na vidole vyake vinaufumbata mkono ule.